Habari za Mpakani Bila Kufika Mpakani

Feloshipu ya kuandika habari za sera zinazovuka mipaka haipatikani kwa kuijua mipaka. Wanaoijua wapo tele, na feloshipu hawana: dereva wa lori anayelala Malaba chini ya tela lake akisubiri zamu, mama wa vitunguu wa Namanga, kijana wa bodaboda wa Sirari anayeweza kumfundisha profesa tofauti kati ya ushuru na usumbufu. Hao hawajajaza fomu. Wewe utajaza. Mwongozo huu ni wako, ndugu mwandishi unayelipwa kwa habari moja moja, tena baada ya kumkumbusha mhasibu mpaka anaanza kukukwepa kwenye ngazi, na ambaye siku hizi umenusa kwamba kuna watu Ulaya na Marekani wanaolipa wazo kwa bei ambayo gazeti lako halijawahi kulipia habari iliyokamilika.

Wajue kwanza wanaotoa. Harvard wana Nieman tangu 1938. Hiyo ni ya kukaa chuoni mwaka wa masomo mzima, na faida yake kubwa ni kwamba ukirudi unaweza kusema "nilipokuwa Cambridge" bila kufafanua kuwa ni ile ya Massachusetts. Oxford wana Taasisi ya Reuters. Wamarekani na Wajerumani hubadilishana waandishi kupitia feloshipu ya Arthur F. Burns tangu 1988, na hiyo wewe huhitaji kuijua isipokuwa kwa kuionea wivu. Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg kina mradi wa waandishi wanaofuatilia mambo ya Afrika na China. Mazingira yana Earth Journalism Network ya shirika la Internews. Pulitzer Center ya Washington imekuwepo tangu 2006, na tafadhali usiichanganye na wale wanaotoa Tuzo za Pulitzer. Wenyewe wamechoka kueleza.

Usiwaombe wote kwa andiko moja, kama wanavyofanya makanjanja. Andika andiko moja, kisha libadilishe kila msimu. Tuseme habari unayoijua ni ya nyanya zinazotoka Tanzania kwenda Kenya. Mwaka ambao wafadhili wanashughulikia tabianchi, hiyo ni habari ya ukame na nyanya. Wakihamia kwenye jinsia, ni habari ya wanawake wa nyanya. Wakija na taarifa potofu, utafiti wako utahusu uzushi wa mitandaoni kuhusu nyanya. Sasa hivi tupo kwenye akili mnemba, na nakushauri uanze mapema kutafuta mkulima wa Longido mwenye simu janja. Nyanya zenyewe zitaendelea kuoza forodhani kwa sababu zilezile za mwaka jana, lakini hilo halina msimu.

Kuna mada zilizokwisha kuliwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na nadhani kila kilomita imeshaombewa feloshipu mara mbili. Kisiwa cha Migingo ni kidogo sana kwa waandishi waliokwishakigombea. Wakipangwa wote juu yake, wavuvi watakosa pa kukanyaga. Ukitaka kuandika juu ya hivi viwili lazima uje na kitu kipya, na kitu kipya kinahitaji kufika huko, jambo ambalo tunajaribu kuliepuka.

Jihadhari zaidi na habari nzuri kupita kiasi. Mfano ni ya mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa polepole kafa Ulaya sokoni ili viwanda vyetu vya nguo vipate pumzi. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, serikali yao ikatukumbusha kwamba kuna mpango wa AGOA unaoturuhusu kuuza kwao bila ushuru, na kwamba mpango huo unaweza kuangaliwa upya. Kenya ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegea. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Hapo una kila kitu: marais, viwanda, mashati ya Wazungu, na namna uamuzi uliopitishwa Arusha unavyoweza kulainishwa kutoka Washington. Ni habari ya sera inayovuka mipaka kuliko nyingi nilizosoma zikishinda tuzo. Tatizo lake ni moja. Ukiipeleka kwa mfadhili wa Washington, atakujibu kwa upole kwamba mwaka huu wanatafuta mawazo yanayoangalia zaidi uwajibikaji wa serikali za kikanda.

Sasa mtafute mwenza. Fomu nyingi za namna hii zinataka timu ya waandishi kutoka angalau nchi mbili, na kanuni hiyo ina busara yake: anayeishi Busia ya Uganda anayaona mambo ambayo wa Busia ya Kenya hayaoni, ijapokuwa wanatembeana kwa miguu. Lakini wewe hutafuti macho, unatafuta jina la nchi ya pili. Mwenza Mkenya atakusaidia kwa Kiingereza na atauliza mgawo wa fedha kabla hajauliza habari inahusu nini. Mwenza Mtanzania atasema "hamna shida," na hapo ujue shida zipo tatu na utazijua wiki ya mwisho. Mwenza wa Bujumbura ana Kifaransa, ambacho huwafurahisha sana wafadhili wa Ulaya, ila usimwahidi safari ya Kigali: Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na bajeti yako haina fungu la kuzunguka. Vyovyote iwavyo, mwenza awe mtu usiyefahamiana naye sana. Urafiki haustahimili malipo ya awamu.

Tukija kwenye andiko lenyewe, sentensi ya kwanza lazima iwe na mwanamke anayeamka alfajiri. Sijui ni nani aliyelianzisha hili, ila naona limekuwa sheria. Awe anabeba kitu kichwani, ukungu uwepo, jogoo akipatikana asiachwe. Mpe jina, kisha uandike kwenye mabano kwamba si jina lake halisi. Utakuwa umesema kweli, kwa kuwa hata yeye mwenyewe bado hayupo. Aya ya pili imkute mpakani akizuiwa. Aya ya tatu iseme kwamba yeye ni mmoja tu kati ya maelfu, na hapo uingize takwimu kutoka ripoti ya shirika ambalo, kwa bahati njema, linafadhiliwa na mfadhili huyohuyo.

Halafu onyesha kwamba unaijua sera. Hapa wengi huanguka, kwa sababu sera za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinasomeka kwa shida kama masharti ya mkopo. Yatosha kuyajua machache. Mkataba ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ukaanza 2005, Soko la Pamoja 2010. Sarafu moja iliahidiwa kwa mwaka 2024, na mwaka 2024 ulifika, ukapita, na shilingi zikabaki zilezile. Wanachama sasa ni nane tangu Somalia ilipokamilisha kujiunga mwaka 2024. Taja pia "vikwazo visivyo vya kiforodha" angalau mara nne. Maana yake ni yale yote yanayokuzuia kupitisha bidhaa wakati karatasi inasema upite: kibali kingine, kipimo kingine, mizani nyingine, ofisa aliyeenda kula. Usieleze hivyo kwenye andiko. Vieleze kama vilivyoandikwa kwenye itifaki, ili msomaji ajue kwamba umesoma.

Andiko litumwe kabla ya saa sita usiku ya London, ambayo kwetu ni saa tisa usiku wakati wa baridi yao na saa nane wakati wa joto lao. Umeme ukikatika saa saba na nusu, hilo halihesabiwi kuwa kikwazo kisicho cha kiforodha, ingawa mimi ningelihesabu.

Ukishinda, hongera. Utaalikwa kwenye warsha ya siku tatu katika hoteli ya Nairobi, ambako mwezeshaji atawafundisha usalama wa vifaa, maadili, na jinsi ya kumheshimu mtoa habari wa kijijini, akitumia picha za kijiji cha Peru. Kula vizuri. Chakula cha warsha ndicho sehemu pekee ya feloshipu isiyodai risiti.

Maana risiti, ndugu yangu, ndipo habari za mpakani zinapofia. Mfadhili anataka risiti ya kila senti, na mhasibu wake anaishi mji wa mvua ambako hata choo cha kulipia hutoa karatasi. Wewe unafanya kazi mahali ambapo uchumi mzima ulibuniwa ili usiache karatasi. Upande wa Tanzania kuna risiti za mashine ya EFD, upande wa Kenya kuna eTIMS, na katikati yake kuna mama ntilie anayekuuzia wali maharage na kukuuliza kama risiti unayoitaka ni ya kula au ya kujifutia mikono. Wabadilisha fedha wa getini watakupa kiwango kizuri kuliko benki, wakihesabu noti haraka kuliko mashine, na hawataandika kitu. Mhasibu atataka kiwango cha benki cha siku hiyo. Tofauti itatoka mfukoni mwako, na kwa muda mfupi utaelewa kwa nini wafanyabiashara wadogo hawapendi kupita mlango mkubwa. Hilo lingefaa kuandikwa. Hakuna safu yake kwenye jedwali la bajeti.

Na bodaboda je? Njia za panya ni nusu ya habari yenyewe. Mwandishi wa mpakani asiyezijua ni mwandishi wa stendi. Kijana atakupitisha kwa elfu tano, atakuonyesha nyumba ambayo sebule ipo nchi moja na choo nchi nyingine, atakueleza saa ambazo doria hupita na saa ambazo doria hunywa chai. Ni mtoa habari bora kuliko mkurugenzi yeyote. Kisha unamwomba asaini karatasi inayosema: "Nimepokea shilingi elfu tano kwa kumvusha mwandishi mpaka pasipo kupita uhamiaji." Usishangae akiwasha pikipiki yake na kukuacha katikati ya nchi mbili. Waliobobea huandika "usafiri wa ndani" na kuchora saini za watu watano kwa kalamu za rangi mbalimbali. Mimi sikufundishi hivyo. Nakueleza tu kwamba jedwali linalokataa ukweli hulishwa uongo, na kwamba feloshipu za uwajibikaji zimetuzoeza wengi wetu kughushi saini za waendesha bodaboda.

Fomu ya tathmini ya hatari ni ndefu zaidi. Itakuuliza hospitali ya karibu yenye helikopta, kundi lako la damu, na swali ambalo mama yako pekee ndiye angelijibu. Haitauliza lile la msingi: kitambulisho chako cha uandishi kinafanya kazi mpaka wapi? Jibu ni kwamba kinaishia getini. Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya haimtambulishi mtu Longido, na kadi ya Tanzania ukiionyesha Kajiado ni plastiki yenye picha yako. Jumuiya inaruhusu bidhaa, mitaji, huduma na wafanyakazi kuvuka kwa viwango mbalimbali vya ahadi. Habari inavuka kama mgeni wa kawaida mwenye pasi ya siku chache na hamu ya kuona wanyama. Novemba 2018 wafanyakazi wawili wa Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, mmoja Mkenya na mwingine wa Afrika Kusini, walichukuliwa hotelini Dar es Salaam, wakanyang'anywa pasipoti na kuhojiwa kwa saa kadhaa kabla ya kuachiwa. Hao walikuwa na shirika lao New York la kupiga kelele. Wewe una mwenza aliyezima simu.

Hata gazeti lenyewe linaweza kukosa viza. The EastAfrican, linalotoka Nairobi tangu 1994 na kujinadi kama la kanda nzima, lilizuiwa kusambazwa Tanzania Januari 2015 kwa maelezo kwamba halikusajiliwa huko, baada ya miaka mingi ya kuuzwa hadharani. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Na Julai 2025 Tanzania ilipotoa orodha ya biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya, Wakenya wakapiga kelele juu ya saluni na uwakala wa fedha za simu. Wachache waliona kwamba ndani ya orodha hiyo kulikuwa pia na kuanzisha na kuendesha redio na televisheni. Mimi ningekuwa mfadhili ningelipia hapo: sera inayovuka mipaka kuhusu wale wanaoandika sera zinazovuka mipaka. Lakini mimi si mfadhili, na habari hiyo haina mwanamke anayeamka alfajiri.

Tufike sasa kwenye safari, ambayo utaifupisha. Lala Arusha. Namanga ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari dogo, unaweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Kituo cha pamoja cha huduma mpakani, kile kilichozinduliwa na Marais Magufuli na Kenyatta Desemba 2018, ni kizuri kwa picha, ila kupiga picha hakuruhusiwi, kwa hiyo jipige mwenyewe ukiwa na kibao cha "Karibu Tanzania" nyuma yako, uweke mtandaoni, uandike "kazini." Kisha mtafute yule mama uliyemwahidi kwenye andiko. Hatakuwa na jogoo. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sado elfu nane, ukichukua mbili nakupunguzia."

"Nina maswali kidogo, mama. Naomba kukuuliza kuhusu vikwazo visivyo vya kiforodha."

"Hivyo sina. Nina nyanya na hoho."

"Namaanisha kinachokusumbua, mama, ukitaka kuvuka."

"Kwa sasa ni wewe, baba. Umewazibia wateja."

Mwandishi mwenye haraka atamaliza hapo na kuandika kwamba uelewa wa wananchi kuhusu Jumuiya bado ni mdogo. Ni hitimisho zuri, linapendwa, na mfadhili ataligeuza kuwa mradi wa kutoa elimu kwa umma. Mwenye muda atanunua sado mbili, atakaa kwenye kreti, na baada ya saa moja atasikia mambo ambayo hayamo kwenye ripoti. Kwa mfano, mama anaijua sana ile nafuu ya wafanyabiashara wadogo, kwamba mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani. Anaijua kuliko wewe, kwa sababu wewe umeisoma jana. Anachokueleza ni kwamba cheti hicho kinamwondolea ushuru lakini hakimwondolei vibali vingine, vya afya ya mimea na vya ubora, na kwamba nyanya ni kitu chenye saa zake. Akikaa kwenye foleni ya kibali mpaka alasiri, mnunuzi wa upande wa pili ameshaondoka na bei imeondoka naye. Kwa hiyo hupima: ushuru ambao hatakiwi kuulipa, dhidi ya muda ambao hana, dhidi ya kijana wa pikipiki mwenye elfu tano yake. Siku nyingine mlango mkubwa hushinda. Siku nyingine kijana.

Hesabu hiyo ndiyo sera. Itifaki zote za Arusha huishia kwenye kreti lile, zikageuka kuwa uamuzi wa mtu mmoja saa mbili asubuhi. Na atakukumbusha ya mwaka 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya walipoteketezwa kwa moto hapohapo Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege, mwaka uleule ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipopigwa mnada na serikali ya Tanzania kwa kuvuka kutafuta malisho. Kwake yeye hayo si "mivutano ya kidiplomasia." Ni sababu ya kutoweka fedha yake yote kwenye gari moja.

Ukisikia haya yote utakuwa na habari. Pia utakuwa na tatizo, kwa sababu andiko lako liliahidi mwathirika na huyu ni mchumi. Mshauri wako wa feloshipu, mtu mwema anayeishi saa mbili au tatu nyuma ya saa zetu, atakuuliza kwa upole kwenye video: "Lakini anajisikiaje?" Mjibu kwamba anajisikia kuuza nyanya. Hatalipenda jibu hilo.

Kuhusu lugha ya kuchapisha, sina haja ya kukushawishi. Andika Kiingereza. Majaji wanasoma Kiingereza, mkataba umeandikwa Kiingereza, na tuzo ya baadaye ina sharti la Kiingereza. Habari yako kuhusu watu wanaofanya biashara kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili na maofisa wanaowajibu kwa Kiswahili, pande zote mbili za geti, itapita kwenye mikono ya wahariri watatu wasiojua neno hata moja la mazungumzo hayo, na itatoka ikiwa laini. Toleo la Kiswahili linawezekana, alisema mratibu, kama kutabaki fedha. Fedha hazitabaki, zilikwenda kwenye warsha. Ukiwa mkaidi, mpelekee mtangazaji wa redio ya jamii iliyo jirani na mpaka muhtasari wa dakika tano. Atausoma bure, kati ya tangazo la kifo na tangazo la mbegu, na watasikiliza watu wengi kuliko watakaowahi kubofya makala yako. Ila idadi yao haina picha ya kuambatanisha, hivyo isiingie kwenye ripoti.

Nisiwe mchoyo. Zipo feloshipu zilizompa mwandishi miezi minne juu ya jambo moja, na hakuna chumba cha habari kati ya Mombasa na Bukavu ninachokijua kinachoweza kumpa mtu wiki mbili. Bila fedha hizo, habari za mpakani zingeandikwa na maofisa uhusiano wa mamlaka za mapato, kwa herufi kubwa. Tulilionja hilo Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90 na kisha kulivunja shirika la USAID lenyewe. Miradi ya habari ikafa katikati ya sentensi. Waandishi waliokuwa wameshasafiri wakarudi na daftari zilizojaa na mikataba iliyokatika. Na wamiliki wa magazeti yetu, ambao kwa miaka walimwachia mfadhili kulipia uandishi wa kina huku wao wakilipia karatasi na magari, wakatangaza kwamba wanathamini sana uandishi wa kina. Wengine walipunguza karatasi.

Kilichobaki ni ripoti ya mwisho, na ndani yake kile kisanduku kinachotisha kuliko vyote: athari. Sera gani imebadilika kwa sababu ya habari yako? Usihangaike. Katika kanda hii sera hugeuka zenyewe, unachohitaji ni subira na tarehe nzuri. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu iliyozidi kiwango cha sehemu 10 kwa bilioni. Tarehe 10 ikaruhusu tena, kwa masharti. Mwandishi yeyote aliyechapisha kati ya tarehe 6 na 9 anaweza kudai ushindi, na nina hakika wapo. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzizuia ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania ruhusa ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Mawaziri wakapigiana simu na marufuku ikafutwa kabla ya tarehe yake ya kuanza. Hapo ilihitajika kuwahi kidogo, lakini hata uzi wa mtandao wa X uliotoka mchana ule ungeweza kuambatanishwa. Weka tu makala yako tayari, usiichapishe, ukae karibu na redio.

Kama ukikosa bahati na sera ikabaki palepale, kuna njia ya pili. Tafuta mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki, umpige picha akiwa ameshika simu yenye makala yako. Andika: "habari ilijadiliwa katika ngazi ya kikanda."

Swali la mwisho la fomu litakuuliza kama kuna mwandishi ungependa kumpendekeza kwa awamu ijayo. Andika jina la mwenza wako, yule ambaye mgawo wake bado upo kwenye akaunti yako ukisubiri kiwango cha kubadilishia kiwe kizuri, kisha umtumie ujumbe kwamba umemtaja. Atapunguza kupiga simu, walau mpaka majina yatoke.